Damu Iliyozidi

Wewe unayesoma, ulishaona damu chooni ukageuza macho. Usikatae. Mji muzima wa Nchelenge, huku Zambia pwani ya ziwa, uligeuza, akabaki Pierrette peke yake akiangalia, na kuangalia kunachosha.

Bwana yake Méschac, Papa Vicky, alikuwa mutu wa kununua samaki kisiwani Chisenga na kuvusha Kongo. Tumbo kubwa, sigara mdomoni, samaki wa chumvi asubuhi na jioni. Tansio, presha ya damu, ilimushika mwaka wa nne sasa, ule ugonjwa ambao watu wa hapa wanauita damu mingi. Kwa hiyo siku damu ilipoanza kutoka chooni, Méschac alifurahi.

"Mama Vicky, Mungu mukubwa! Ile ilizidi iko natoka yenyewe."

Akaacha vidonge vya tansio.

Pierrette hakucheka. Alimukumbuka Guylain, kaka mukubwa wa Méschac, kule Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Damu ileile, furaha ileile, wakimwingizia maji ya mizizi kwa nyuma kila juma. Walimuzika ziwa likiwa limefungwa na serikali, hakuna kuvua, hata samaki wa matanga hakukuwa.

Akamuvuta Méschac mpaka kliniki. Nesi Matildah akapima tansio, akatikisa kichwa.

"Anatoka damu chooni," Pierrette alisema. Méschac akamukanyaga mguu.

"Bashi Vicky," nesi alisema, akimwita Baba Vicky kwa Kibemba, "damu ya tansio haina mlango kule. Tumbo hili, sukari, sigara, vyote vinavyochokesha moyo, mara mingi vinaenda pamoja na vinundu vidogo vya nyama vinavyoota ndani ya utumbo. Kingine kinakaa kimya. Kingine kinageuka kansere. Kikionwa mapema, kinakatwa."

"Kinaonwa namna gani?" Méschac aliuliza.

"Hospitali kubwa ya Ndola, wanapitisha kamera nyuma."

"Nyuma yangu? Mimi mwenye mitumbwi mitatu? Watu wote mpaka kule Mununga watacheka mpaka samaki wasikie!"

"Guylain naye alikuwa na haya," Pierrette alisema polepole. "Enda umuulize kama inamusaidia kule chini. Mimi nimechoka na nguo nyeusi za famii yenu."

Nesi akaandika karatasi ya Ndola. Basi lilikuwa la Jumanne.

Jumanne alfajiri Méschac hakuwa kitandani. Pierrette alimukuta pwani, ameinama juu ya injini ya mutumbwi, anavuta kamba, anavuta tena, jasho linamutiririka, mukono mumoja kifuani.

"Haiwaki, Mama Vicky. Buji ya kuwashia injini haiko."

Pierrette akagusa fundo la kitenge chake, chuma kidogo kimefungwa ndani.

"Buji utaipata Ndola."

Méschac akakaa kwenye ukingo wa mutumbwi. Halafu akanyoosha mukono aombe karatasi.

Basi wewe, nani atakuchomolea buji? Usimungoje. Kama una tansio, kama tumbo limekutangulia, kama umeona damu, funga kitabu hiki. Enda kliniki leo, na neno damu ulitamke kwa sauti, yeyote asikie.