Atakayekaa na Rosalie

Corinne Guidry hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa jikoni, joto lote la Agosti likaingia naye, akasimama karibu na friji akiwa bado na ovaroli yake ya buluu ya kurukia ndege.

"Habari za jioni, Mama Albina," aliniambia. "Samahani kwa viatu. Yuko wapi huyo nyoka wako?"

Nyoka mwenyewe alikuwa binti yangu Adela, naye alikuwa kwenye sinki akiosha aprikoti.

Tunakaa Clear Lake, karibu na Kituo cha safari za anga, na mtaani kwetu wanaanga ni majirani kama majirani wengine. Asubuhi ile walikuwa wametangazwa wanne watakaokwenda Mwezini. Adela alikuwemo. Corinne, aliyefanya naye mazoezi miaka yote, na ambaye kila mtu alidhani ndiye atakayeongoza, hakuwemo.

"Niko hapa," Adela alisema. "Karibu kiti."

"Kiti? Umeshaninyang'anya kimoja leo, usinigawie kingine. Hebu sema mbele ya mama yako. Mkuu alikuuliza nini?"

Swali lile wote tunalijua. Kabla ya kuchagua, mkuu wa wanaanga humwita kila mmoja peke yake, hufunga mlango, kisha humuuliza: ni nani usingependa kufungiwa naye kwenye chombo? Majibu hayatakiwi kutoka nje. Lakini katika ofisi ile siri haifiki jioni.

"Aliniuliza nisingependa kufungiwa na nani," Adela alisema. "Nikakutaja wewe."

Corinne alicheka kicheko kibaya. "Umemsikia, Mama Albina? Hata aibu haoni."

"Ungependa nikudanganye?"

"Ningependa ufe kidogo kwa aibu."

Adela alifunga bomba. "Kule jangwani kwenye mazoezi ulimwambia mwenzetu Lyle mbele ya watu wote kwamba angetuua."

"Alisahau kufunga vali! Angetuua!"

"Angetuua, ndiyo. Ulisema kweli. Lakini alilia, na hakuna aliyemsemesha mwenzake mpaka mazoezi yakaisha. Kule juu hakuna mlango wa kutokea, Corinne. Wewe ukiona kitu unakisema palepale, hujali kinamwangukia nani."

"Bora mtu alie kuliko afe."

"Najua."

"Hujui lolote. Unachojua ni kutabasamu kwenye picha."

Nilikuwa nimeinua sufuria ya jamu ili niijaze kwenye kolache, vile vimikate vyetu vya Jumapili, na kiganja changu cha kulia siku hizi hakina nguvu. Corinne aliichukua mikononi mwangu, akaiweka mezani taratibu isimwagike, huku akiendelea kumtukana binti yangu bila hata kuvuta pumzi. Sidhani kama alijua amefanya hivyo.

Nilidhani wamefika mwisho. Kumbe Adela alikuwa na jingine.

"Kuna jambo nataka kukuomba."

"Kuniomba mimi!"

Siku ya kurusha roketi, kila anayesafiri huiachia familia yake mwanaanga mmoja wa kukaa nayo. Anawatafutia viti, anawaletea maji, anawaeleza ule muungurumo ni wa nini. Hivyo ndivyo tunavyowaambia wageni. Ukweli ni kwamba yuko pale ili jambo likiharibika, familia isilisikie kwa mtu baki. Msafiri humchagua mwenyewe.

"Nataka uwe wewe," Adela alisema. "Ukae na Rosalie na mama."

Rosalie ni mtoto wake, mjukuu wangu. Corinne akatupa funguo zake mezani, zikaruka zikaanguka chini.

"Wewe mwanamke una wazimu? Unanitupa nje ya chombo, halafu unataka nikulelee mtoto?"

"Yaya nitampata popote."

"Basi mpe Lyle! Si anajua kulia?"

"Lyle atamwambia mambo ni sawa hata akiwa anauona moshi. Wote watamwambia hivyo. Hata mimi ningemwambia hivyo."

Nikajua anamfikiria mbwa wetu. Biskuti alipogongwa na gari, Adela alimwambia Rosalie kwamba amepelekwa shambani akacheze. Mtoto akawa anasubiri mwisho wa wiki apelekwe huko kumwona. Corinne ndiye aliyemkalisha barazani akamwambia Biskuti amekufa, kisha akachimba shimo nyuma ya nyumba, udongo mgumu kama tofali, na sare yake ya kazini mwilini. Rosalie alilia mpaka jioni, akala, akalala. Adela alimnunia Corinne mwezi mzima.

Corinne naye alikuwa amelikumbuka jambo hilo. Sauti yake ikashuka, na ilitisha kuliko makelele.

"Kwa hiyo mdomo wangu haufai kwenda Mwezini. Ila unafaa kumwambia mwanao kwamba mama yake amekufa."

Adela alishika ukingo wa sinki. "Ndiyo."

"Nakuchukia."

"Najua."

Mlango wa uani ulifunguliwa, Rosalie akaingia, miguu mitupu imelowa maji ya mpira wa kumwagilia bustani. Dirisha lilikuwa wazi muda wote.

"Anti Corinne," alisema, "mama atarudi?"

Adela alifumbua kinywa, na mimi niliyemzaa nilijua jibu gani linakuja. Corinne akamwahi. Alichuchumaa mpaka macho yake yakalingana na ya mtoto.

"Sijui," alisema. "Waliokitengeneza kile chombo ni watu makini. Na mama yako ni mwanaanga hodari. Nakwambia hivyo ingawa leo sitaki hata kumwona. Nadhani atarudi. Ila kujua, sijui."

Rosalie alimtazama mama yake, kisha akamgeukia tena Corinne. "Utakaa na mimi siku hiyo?"

Corinne aliziokota funguo, akaangalia mlango, akazigeuza mkononi. Nilishika kingo za aproni yangu. Kama angekataa pale, nisingemlaumu.

"Nitakaa. Utakaa kushoto kwangu. Kelele ikiwa ya kawaida, nitakwambia ni ya kawaida. Nikinyamaza nikakushika mkono, usimuulize mtu mwingine. Mimi nitakwambia."

"Kama Biskuti."

"Kama Biskuti."

Akasimama. Kwa Adela uso wake ulikuwa uleule alioingia nao.

"Nimekubali kwa ajili yake. Kazini nitakujibu kwenye redio. Nje ya kazi usinipigie simu, usinisalimie dukani, usiniletee kadi ya Krismasi."

"Sawa."

"Na usife huko. Sitaki kazi hiyo."

Nilimfungia kolache kwenye karatasi. Aliangalia kifurushi, akaniangalia.

"Ni zako, Mama Albina, au zake?"

"Ni zangu."

Ndipo akazipokea. Adela alinyoosha mkono. Corinne akaupita kama anapita nguzo. Nje alirudisha gari nyuma kwa hasira, akaangusha sanduku letu la barua, akaondoka bila kugeuka.

Adela alijifuta mikono, akampigia simu mkuu wake kumwambia nani atakaa nasi siku hiyo. Kwa mara ya pili, akamtajia jina la Corinne Guidry.