Zamu Yangu ya Kumpeleka Murugi

Mara nne binti yangu Murugi amerudi kliniki Nyeri tangu atolewe uvimbe kwenye ovari, na mara zote nne alipelekwa na Beth, dada ya mume wangu. Mimi nilikuwa sokoni Othaya nikiuza viazi. Ni Beth aliyeuona ule uvimbe akimwogesha alipokuwa mdogo zaidi, ni Beth aliyelala naye wodini. Siku hizi mtoto akijikwaa anaita "Tata!", yaani shangazi, na mimi mamake nimesimama papo hapo. Nimechoka nalo hilo neno.

Safari hii nilimwambia Beth asijisumbue.

"Sawa, Mama Murugi," akasema. "Lakini kuna kitu nataka nikuambie kwanza."

Nikamjibu kwamba huyu nilimzaa mwenyewe, sihitaji kufundishwa. Akaenda zake.

Asubuhi nilimnyima Murugi chai, hata maji nikamkataza, kama siku ya upasuaji.

"Lakini Tata huniambia nikunywe maji mingi," akasema.

"Leo Tata hayuko."

Nilijiona mama kweli kweli.

Kliniki, mpiga picha za ultrasound alipitisha chombo chake juu ya tumbo la Murugi, akatikisa kichwa. "Kibofu haina kitu, mama. Bila mkojo siwezi kuona ovari. Mpatie maji, mngoje kama saa moja."

Tulikaa kwenye benchi, yeye akinywa chupa baada ya chupa, mimi nikimchukia Beth kwa kosa langu mwenyewe.

Picha ya pili ilitoka safi. Ovari zote mbili zilionekana vizuri na uvimbe haukuwa umerudi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, watu wakageuka. Kisha tukaingia kwa Daktari Ngatia, akafungua faili.

"Ashaanza hedhi?" akaniuliza.

"Bado," nikasema haraka. "Huyu ni mtoto, daktari. Ana miaka kumi na miwili tu."

Murugi aliangalia viatu vyake. "Nilianza mwezi jana. Tata ndiye alininunulia pedi."

"Na mbona hukuniambia?"

"Nilikuja soko nikuambie, mami. Ulikuwa na wateja."

Daktari alitabasamu. Hiyo ni habari njema, akasema, mwili unakua jinsi unavyotakiwa, na ndiyo maana madaktari walihangaika kuiokoa ile ovari yenye uvimbe. Akaandika tarehe ya kurudi.

Nikaanza kulia. Akanisogezea tishu, akasema akina mama wengi hulia kwa furaha wakifika hapo. Furaha ilikuwepo, sikatai. Lakini nilikuwa naiona ile siku ya pedi nyumbani kwa Beth, mlango umefungwa, binti yangu akiuliza maswali yake yote kwa sauti ya chini, na wa kumjibu si mimi.