Midomo ya Chumba cha Mashine

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi, juu kidogo ya daftari la mahudhurio, mahali ambapo hata mvivu wa kusoma asingeweza kulikwepa. Wanawake wa chumba cha kufulia cha hospitali walilizunguka huku wakifunga aproni zao, kisha wakageuka wote, kana kwamba walikubaliana, wakamtazama mwenzao mmoja.

"Haya, Mama Mikunjo," alisema mnyapara, mama mwenye sauti ya kuamrisha watu na mashine kwa pamoja. "Wewe ndiye mwenye macho siku hizi. Tusomee."

Jina la Mikunjo alilipata kwa sababu shuka aliyoikunja yeye ilikaa kama iliyopigwa rula. Alikuwa amefanya kazi humo miaka kumi na sita. Kumi na mitatu ya kwanza aliweka dole gumba katika daftari la mahudhurio. Mitatu ya mwisho alitia saini, tena saini yenye mkia. Akasogea, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma kwa sauti iliyofika hadi mlangoni.

Chuo cha ufundi kilikuwa kinapokea watu wazima kwa mafunzo ya mwaka mmoja ya ufundi wa mashine za kufulia na mitambo ya mvuke. Mwombaji awe na cheti cha kumaliza madarasa ya watu wazima, au elimu ya juu zaidi. Alete barua ya mwajiri wake. Asiwe amepita miaka arobaini na mitano. Afaulu mtihani wa kuingilia kwa alama zisizopungua sitini katika mia. Na mwisho kabisa, kwa maandishi madogo: mtihani hufanyika mara moja katika kila miaka miwili.

Mama Mikunjo aliurudia mstari huo wa mwisho mara mbili. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu: ni mara hii, au basi.

Hakuitaka nafasi hiyo kwa kuwaonea wengine gere. Mashine kubwa ya kufulia ilipougua, ilibidi asubiriwe fundi kutoka mbali, na siku zote hizo wanawake waliinama juu ya makarai wakifua shuka za wagonjwa kwa mikono hadi ngozi ikawachubuka. Mwaka uliopita alikuwa amemwambia fundi huyo, kwa heshima zote, kwamba beringi ya nyuma, inayobeba mhimili wa mashine, imechoka. Fundi alicheka. Siku ya pili, baada ya kufungua kila kisichohusika, akaikuta beringi imesagika.

"Nani alikwambia?" fundi akauliza.

"Yenyewe," alijibu. "Ilikuwa inakohoa."

Lakini mtu asiye na cheti cha ufundi haruhusiwi kugusa spana. Masikio alikuwa nayo. Ruhusa hakuwa nayo.

Asubuhi ile mashine zilipowashwa, mazungumzo hayakukoma, yalibadilika tu. Katika chumba kile ngurumo ilimeza kila sauti, na kelele za mtu aliyesimama begani hazikusikika. Kwa hiyo wafanyakazi walijifunza kusema kwa midomo mitupu. Mtu alitamka neno kikamilifu bila kutoa sauti, na mwenzake wa upande wa pili akalisoma usoni. Kwa njia hiyo waliulizana hali, walisengenya, walitaniana, hata kugombana na kupatana, na mgeni aliyeingia angeapa kwamba hakuna aliyenena.

Mwanamume wa boila, mtambo wa kuchemshia maji, aliyeitwa na wote Mvuke, alichungulia kutoka mlango wake na kusema kwa midomo: "Dada, spana ni nzito kuliko shuka!"

Mama Mikunjo akamjibu kwa midomo vilevile: "Na wewe shuka zilikushinda, ndiyo maana ukakimbilia motoni!"

Chumba kizima kikacheka kimya kimya, mabega yakitikisika. Lakini Mvuke naye alikuwa amelisoma tangazo, na jioni ile aliomba barua ya mwajiri kama mwenzake.

Wiki sita zilizofuata, Mama Mikunjo hakupoteza hata dakika. Jioni alikwenda kwenye darasa lake la watu wazima, katika shule ya watoto, akakaa kwenye dawati ambalo magoti yake hayakutosha chini yake. Mwalimu wao, mzee aliyestaafu lakini akashindwa kupumzika, alikuwa na kanuni moja: neno lisiposikika halijasomwa. Basi darasa lake lilisoma kwa pamoja, kwa sauti, kama maji yanayoporomoka. Nyumbani Mama Mikunjo aliendelea hivyo hivyo, kitabu mezani, kidole chini ya mstari, sauti ikijaza jiko, huku binti yake wa sekondari akiosha vyombo.

"Mama, hapo ni 'shinikizo', usilikate katikati," binti alisema bila kugeuka.

"Shi-ni-ki-zo."

"Sasa liunganishe."

"Shinikizo. Neno lenyewe linakubana kama maana yake!"

Binti alicheka. Alipenda kumsikiliza mama yake akisoma, na pengine kwa sababu hiyo hakufikiri kumwambia jambo ambalo yeye alilijua tangu darasa la kwanza. Hakuna aliyemwambia. Hata mwalimu, ambaye mitihani yake yote ilikuwa ya kusimama mbele na kusoma, hakukumbuka.

Siku ya mtihani ilipofika, alivaa gauni lake lililopigwa pasi likasimama lenyewe, akajitanda mtandio wa kijani, akafika chuoni kabla ya lango kufunguliwa. Karani wa usajili alipitia karatasi zake moja moja: cheti, barua, kitambulisho.

"Miaka arobaini na minne," karani alisema, akimtazama juu ya miwani. "Mama, umekuja mlango ukikaribia kufungwa."

"Mradi haujafungwa, mwanangu. Nipishe nipite."

Karani akatabasamu, akagonga muhuri.

Mtihani ulifanyika katika karakana ya useremala iliyofagiliwa, lakini bado ilinukia maranda. Watahiniwa thelathini na wawili walikaa kwenye meza ndefu za kazi zilizopangwa kwa safu mbili zinazotazamana. Upande wa pili, mkabala naye kabisa, alikaa Mvuke, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo.

Msimamizi wa mtihani, mwanamke mwembamba aliyetembea bila viatu vyake kutoa mlio, alisoma masharti. Muda ni saa mbili kamili. Hakuna kuzungumza. Atakayeonywa mara tatu atanyang'anywa karatasi na kutoka nje. "Anzeni."

Mama Mikunjo akaifunua karatasi, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, na kwa sauti safi ya darasa la jioni akatangaza: "Soma habari ifuatayo kisha ujibu maswali!"

Vichwa thelathini na kimoja viliinuka. Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko.

"Mama," alisema msimamizi, "soma kimya. Hilo ni onyo la kwanza."

Kimya? Hakuna aliyewahi kumfundisha hivyo. Akaufunga mdomo, akatazama maneno. Maneno nayo yakamtazama. Bila sauti yalikuwa kama watu wanaofahamika waliovaa vinyago: hili alilijua, lile alilijua, lakini hayakushikana mikono yakawa sentensi. Alijaribu kunong'ona. Mnong'ono ukajikusanya kidogo kidogo ukawa mvumo, na kwa furaha ya kufika mwisho wa aya hakujua kwamba anavuma kama mzinga wa nyuki.

"Onyo la pili," alisema msimamizi, safari hii akiwa kando ya bega lake. "La tatu sitalisema. Nitachukua karatasi."

Robo saa ilikuwa imekwenda na hakuwa ameandika hata herufi. Akaiweka kalamu mezani. Alifumba macho. Akawaona wenzake wakiinama juu ya makarai. Akaisikia mashine kubwa ikinguruma, na katika ngurumo ile akamwona mnyapara upande wa pili akimwambia jambo refu, na yeye akilielewa lote, bila sauti hata moja.

Akafumbua macho. Miaka kumi na sita alikuwa akisema bila kusikika! Kwa nini asisome hivyo hivyo?

Akaitamka sentensi ya kwanza kwa midomo mitupu, kikamilifu, kana kwamba mashine zote zimewashwa. Na maneno, yalipopita mdomoni, yakaacha ugeni wao. Habari ilihusu mtambo wa mvuke. Swali liliuliza kwa nini fundi hafungui kifuniko kabla mshale wa shinikizo haujarudi kwenye sifuri. Aliandika. Swali la pili akaandika. La tatu lilikuwa la hesabu: mashine moja hubeba kilo ishirini na tano za shuka, kuna kilo mia moja na themanini, je, mashine ijazwe mara ngapi? Akagawanya, akapata saba na sehemu kidogo ikabaki. Akatabasamu. Hakuna mashine inayofua mara saba na kidogo. Aliandika: mara nane, na mara ya nane mzigo utakuwa mwepesi.

Kalamu sasa ilikimbia. Alikuwa katikati ya swali la tano alipoinua uso kupumzisha shingo, akakutana na macho ya Mvuke. Macho hayo hayakuwa kwenye karatasi yake. Yalikuwa yametua juu ya midomo ya Mama Mikunjo, na kalamu ya bwana huyo ilikuwa ikienda mbio. Alipoona midomo hiyo imesimama, Mvuke akasema kwa midomo yake, tena kwa adabu zote:

"Dada, polepole. Rudia la nne."

Kwa sekunde moja alitaka kucheka. Kisha akaelewa hatari yake. Karatasi mbili zenye majibu ya namna moja, kutoka mahali pamoja pa kazi, zingefukuzwa zote mbili. Akashika ncha ya mtandio, akajiziba mdomo, akaendelea kusoma nyuma ya kitambaa.

Hatua zisizo na mlio zikafika.

"Mama, kuna nini chini ya huo mtandio?"

Watahiniwa wa jirani wakageuka. Uso wa Mvuke ulibadilika rangi. Mama Mikunjo angeweza kunyoosha kidole tu, na mambo yangekwisha. Lakini mtu mliyechangia naye joto la boila miaka yote hiyo humchomi mbele ya wageni.

Akaushusha mtandio, akasimama.

"Hakuna kitu, mwalimu, ni midomo yangu. Mimi nimejifunza kusoma ukubwani, na bila kutamka sisomi. Sauti nimeiondoa kama ulivyoniagiza. Lakini kazini kwetu kuna kelele, watu husikilizana kwa kutazamana midomo. Sitaki majibu yangu yamfikie mtu. Naomba ruhusa nigeuze kiti nitazame ukuta."

Msimamizi alimtazama. Akaitazama karatasi iliyojaa maandishi makubwa yaliyosimama wima kama shuka zilizopangwa rafuni. Kisha akageuka taratibu, akaitazama safu ya mbele yake, na Mvuke akainamia karatasi yake kama mtu anayetafuta sindano.

"Miaka kumi na tisa nasimamia mitihani," alisema msimamizi, "na sijapata kuona mtahiniwa anayeomba kuzuiwa asiibiwe." Akakishika kiti kwa mikono yake mwenyewe, akakisogeza kwenye meza ndogo ukutani. "Kaa. Hili silihesabu kuwa onyo."

Mbele ya ukuta ule mweupe, Mama Mikunjo alisoma kwa midomo yake yote. Alimaliza dakika kumi kabla ya wakati, akarudia kila jibu, na kengele ilipolia alikuwa amekunja mikono.

Majina yalibandikwa saa tisa alasiri ya siku ile ile. Watu walisukumana, lakini yeye alisubiri hadi nafasi ikapatikana, akaweka kidole kwenye kioo, akashuka nacho taratibu. Waliofaulu walikuwa kumi na wanne. Lake lilikuwa la pili. Alama themanini na nne.

Mvuke alikuwa kando yake, akijifuta jasho.

"Sitini na moja," alisema kwa sauti ya kawaida, ambayo kwa watu wawili hao ilikuwa kitu kigeni. "Nilifuta yote niliyoyasoma midomoni mwako, dada. Nikaanza upya kwa kichwa changu."

"Na kichwa kimekubali?"

"Kimekubali kwa alama moja tu. Lakini ni yangu."

"Basi itunze, kaka, usije ukaifua ikaruka rangi," alimjibu, na wote wawili wakacheka hadi karani akawachungulia dirishani.

Nyumbani binti alimkumbatia mlangoni, mikono ikiwa bado na povu la sabuni. Aliposikia habari ya maonyo mawili, akajishika kichwa. "Mama, nisamehe, mimi ndiye niliyesahau kukwambia kwamba mtihani husomwa kimya!"

"Ungeniambia, mwanangu, ningejifunza kimya cha watu wengine. Kumbe nilikuwa na changu."

Kesho yake aliingia chumba cha mashine barua ya kupokelewa ikiwa mfukoni mwa aproni. Ngurumo ilikuwa imekwisha kuanza. Kutoka mlangoni aliwatazama wenzake, wao wakamtazama, na akasema kwa midomo neno moja tu: "Nimefaulu."

Mikono ikasimama juu ya shuka. Mnyapara alitikisa kichwa kukataa. Akaenda ukutani kwa hatua nzito, akashusha swichi kubwa, ile isiyoshushwa mchana ila kwa hatari, na mashine zikalegea moja baada ya nyingine hadi chumba kikabaki na mlio wa maji yanayodondoka.

"Habari kama hiyo haisemwi kwa midomo," alisema mnyapara. "Toa barua. Tusomee. Kwa sauti!"

Mama Mikunjo akaikunjua, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma. Alisoma jina la chuo, tarehe, masharti yote na kwamba ameyatimiza, na sauti yake iligonga mabomba ya dari ikarudi. Alipofika kwenye alama, wakamrudisha nyuma asome tena. Akasoma tena.

Kisha swichi ikapandishwa, ngurumo ikarudi, kazi ikaendelea. Lakini asubuhi nzima, kila alipoinua uso kutoka kwenye shuka, kulikuwa na midomo mahali fulani, kwenye makarai, kwenye rafu, kwenye mlango wa boila, ikitamka bila sauti: themanini na nne.