Mbegu za Mgunga Mmoja

Kilimani Nyangoto ulibaki mgunga mmoja tu, na Mzee Mwikwabe aliulinda kama fahali wa mbegu. Ulikuwa hatua kumi kutoka shimo la dhahabu lililomfukia mwanawe, Nashoni. Mwili haukupatikana, shimo ndilo likawa kaburi. Mzee akaapa atalifunika kwa migunga, tena ya mbegu za mti ule ule ambao Nashoni alikuwa akipumzika kivulini pake.

Misimu miwili alipanda, misimu miwili akazika. Miche ilitoka kitaluni miembamba, ya manjano. Mvua ikikatika wiki moja, yote chali.

"Mkono wako hauna kosa, mzee," alisema Laurensia, afisa misitu aliyeletwa na kazi kutoka Songea. Alikuwa na mfuko wa mbegu. "Mti uko peke yake, unajichavusha wenyewe. Watoto wanatoka dhaifu. Hizi nimeokota Morotonga, kwenye miti thelathini. Za Dodoma nilizikataa, mvua ya huko si ya huku. Tuchanganye na zako."

"Nashoni hakuzaliwa Morotonga."

Boke, mkewe, alikuwa akijaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Hakuinua kichwa.

"Baba Nashoni, ng'ombe wa mahari yangu mliwapeleka wapi?"

"Kwa baba yako, Morotonga. Si unajua?"

"Siku mbili mnaswaga ng'ombe, za nini? Dada zako si walikuwepo hapa hapa, tena wazuri kunishinda?"

Laurensia akaziba mdomo kwa kiganja.

"We mwanamke una wazimu?" mzee akafoka. "Nani anaoa ndani ya ukoo wake?"

"Mgunga wako."

Kisha sauti ya Boke ikashuka. "Nusu ya Nashoni ilitoka Morotonga. Au hiyo nusu hukuililia?"

Mzee akauchukua mfuko wa Laurensia, akamimina mbegu zote kwenye beseni pamoja na za kwake, akazikoroga kwa mkono. Boke akaleta maji ya moto ya kulainishia maganda.

Mvua za Machi ziliwakuta kilimani na miche mia mbili. Hakuna aliyejua upi mtoto wa nani. Mzee alipiga magoti ukingoni mwa shimo, akapanda wa kwanza, akaushindilia udongo kwa ngumi.

"Nashoni," akasema, "wajomba zako wamefika."

Boke, mwenye neno siku zote, akageukia upande wa pili.