Benchi la Mama Akech

Jackton Ochola alistaafu kazi ya reli akiwa na vidole kumi, na benchi lile nusura limpunguzie kimoja. Wiki tatu nzima alipiga randa mbao kuukuu nje ya geti lake, mtaani Komarock, majirani wakipita wakimchokoza.

"Mzee, hiyo ni kiti ama nyumba ya kuku?"

"Ya kuku. Ingia nikupime."

Hakulijenga kwa fahari. Tangu kiharusi kimpige mkewe Roseline, mkono na mguu wa kushoto viligoma. Makochi ya ndani yalimmeza. Hakuweza kusimama bila kuita mtu. Jackton akachukua uzi, akampima toka kisigino hadi gotini, akaongeza vidole vinne, akafunga fundo. Benchi akalipa kimo hicho, na mahali pa kushikia upande wa kulia. Vanishi ilipokauka, Roseline aliketi, akashika, akasimama. Peke yake! Siku hiyo aliketi na kusimama mara sita, kama mtoto aliyegundua swichi ya stima.

Kisha mzee Kisilu wa nyumba ya tatu akafariki. Mtaani hapa, kukiwa na matanga, viti vyote vya nje ni vya wafiwa. Ukinyima chako, siku yako utaombolezewa na paka. Jackton mwenyewe alisaidia kulibeba benchi.

Lilirudishwa baada ya mazishi. Roseline alitoka na mkongojo wake, akageuka, akaketi. Akashuka, akashuka, akatua puu!

"Baba Akech," alimwita mumewe, "goti langu limepanda, ama benchi limeshuka?"

Jackton akainama. Miguu yote minne ilikuwa imekatwa, ncha zake nyeupe kama mifupa mipya. Damu ikampanda kichwani hadi masikio yakavuma. Akanyoosha mikono amwinue mkewe.

"Usiniguse!" Roseline alifoka, macho yamemwiva. "Siondoki hapa. Niletee aliyekata."

Jackton hakuhitaji kuuliza sana. Wahome, mwenyekiti wa kamati ya matanga, alikuwa mbele ya duka lake akikunja turubai.

"Ah, Mzee Jackton! Hiyo benchi ilikuwa juu sana, watu wa nyuma hawamwoni pasta. Nikaipunguza kidogo. Hata sikuitishi kitu."

"Vipande viko wapi?"

"Si vilichemsha chai? Hata wewe ulikunywa."

Ni kweli. Tena vikombe viwili. Hilo ndilo lililomchoma Jackton kuliko yote. Alimkamata Wahome kwa mkono wa shati, akamkokota mtaa mzima, turubai likiburura vumbi nyuma yao kama mkia wa bibi harusi.

Roseline alimsogezea nafasi.

"Keti, mwenyekiti. Mkono wa kushoto mfukoni. Mguu wa kushoto unyooshe mbele, usiukanyagie. Haya, simama."

Wahome akacheka. Akajaribu. Akajaribu tena, shingo imevimba mishipa. Mara ya tatu alianguka kwa makalio, na kicheko kikamwisha.

"Hivyo ndivyo mimi husimama nikitaka kwenda choo," Roseline alisema. "Hii benchi ndiyo ilikuwa miguu yangu. Na wewe ukaichemshia watu chai."

"Pole, mama. Sikujua. Nitaleta fundi leo leo."

"Fundi ninaye. Wewe kazi yako ni nyingine. Kila saa kumi jioni mimi huota jua hapa. Mpaka miguu ya benchi ipone, utakuwa ukija kuniinua. Wewe, si mtu wa kutumwa. Anza sasa."

Wahome akainama, akamshika kwapani.

"Polepole! Mimi si gunia la viazi!"

Jackton alisimama kando akitweta. Akatoa mfukoni ule uzi wenye fundo. Kutengeneza miguu minne ilikuwa kazi ya siku mbili tu, naye alilijua hilo.

Akamtazama Wahome akitokwa na jasho, akaukunja uzi polepole, na akaamua itachukua mwezi.