Fundo la Nne

Siku baba alipoondoka, ziwa lilikuwa limetulia hivi kwamba mtumbwi wake ulirudi wenyewe. Ulikuja ubavu mbele, taratibu, ukipasua utando wa kijani, na nyuma yake njia ya maji meusi ikawa inajifunga polepole. Mama alikuwa anaanika nguo. Akasema, "Baba yako leo kalala kazini," akacheka. Na mimi nikacheka. Bado nakumbuka kwamba tulicheka.

Baba alikuwa ameegemea ubao wa nyuma, macho ameyafumba. Sahani nyeupe ya bati ilikuwa mapajani mwake, na kamba ya sahani ameizungusha mkononi. Daktari alisema ni moyo. Vidole vilikataa kufunguka, kwa hiyo baba mdogo aliikata kamba pale ilipofungwa kwenye sahani. Sahani ikabaki kwetu. Kamba baba akazikwa nayo.

Baba walimwita Korongo, kwa sababu ya mikono yake mirefu. Alikuwa anafunga dirisha bila kuinuka kitini. Nikiwa mdogo nilidhani baba wote wako hivyo.

Mwaka mmoja kabla, ziwa lilikuwa limegeuka rojo la kijani, zito kama rangi ya mlango. Samaki walielea matumbo juu. Mbwa wa jirani alikunywa maji ya ufukweni asubuhi, adhuhuri akafa. Mtu wa maabara akaja na chupa zake na kupiga marufuku uvuvi. Alitueleza kwamba sumu ya mwani ule haina rangi wala harufu, ila maji yakianza kung'aa tena hadi chini, ujue mwani unakufa njaa. Baba akarudi nyumbani, akaitoboa sahani ya mama matundu matatu, akaifunga jiwe kwa chini. Kisha akatia mafundo kwenye kamba: kutoka katikati ya kifua chake hadi ncha ya kidole, fundo, tena, fundo. Unaizamisha sahani polepole, ukihesabu, mpaka weupe wake upotee machoni.

Mtu wa maabara alienda naye majini, akaitazama kamba ile, akaridhika. "Fundo la nne, Alhamisi tatu mfululizo," alisema. "Hapo tieni nyavu." Hakuna aliyeuliza ni mita ngapi. Kwetu ilikuwa mafundo manne ya Korongo, basi.

Baba aliandika kila Alhamisi kwenye daftari langu la zamani la shule. Nusu fundo. Nusu fundo. Fundo moja. Mstari wa mwisho una tarehe peke yake. Siku ile alisoma fundo la ngapi, sitajua.

Nilinunua kamba mpya, nikakaa nayo sakafuni chumbani, nikatia mafundo kama nilivyomwona akifanya. Kutoka kifuani hadi ncha ya kidole. Tangu hapo nikawa natoka mimi, baba mdogo akipiga kasia. Sahani ilishuka ikiwa nyeupe, ikawa ya maziwa, ikawa kivuli, kisha ikawa kitu ninachokikumbuka tu. Mara nyingine niliendelea kuiona hata baada ya kupotea, na baba mdogo alilazimika kuniuliza, "Bado ipo, mwanangu, au unaitamani?"

Nilikuwa naota pia. Katika ndoto baba amekaa chini ya ziwa kwenye kiti chake, ameipakata sahani, ananisubiri niitazame. Maji ni kijani, halafu si kijani.

Maji yakaanza kurudi. Fundo la pili wakati wa mvua, la tatu baada yake. Kisha Alhamisi moja nikaiona sahani kwenye fundo la nne, na iliyofuata, na iliyofuata tena. Ufukwe mzima ulipiga vigelegele. Ikakubaliwa kwamba Jumamosi nyavu ziingie, na baba mdogo atupe wa kwanza akiwa amevaa shati la marehemu kaka yake.

Ijumaa mchana mama alilitoa shati nyuma ya mlango. "Lipige pasi," akaniambia. "Taratibu kwenye kola, imechoka." Nikalitandaza mezani. Kamba ilikuwa pale pale, inakauka. Nilinyoosha mkono wa shati, nikaipitisha pasi kutoka vifungoni kwenda kwenye kishikizo cha mkononi, na mvuke ukapanda na harufu ya baba ikapanda nao. Nikasimama kidogo. Nilipoinamisha macho, kamba ilikuwa imelala sambamba na shati. Mwanzo wa kamba ulikuwa kwenye vifungo, katikati ya kifua. Fundo la kwanza lilikuwa limeishia kabla ya kishikizo.

Na kishikizo si ncha ya kidole. Baada ya kishikizo kulikuwa na kiganja chote cha baba.

Nilipima tena. Nikapima mara ya tatu, nikiomba shati liwe limerefushwa na pasi. Mkono wangu ulikuwa mfupi, basi. Fundo langu la nne lilikuwa la tatu na kidogo la kwake.

Ningeweza kunyamaza. Niliwaza hivyo nikiwa nimeshika pasi. Watu walikuwa na njaa, na kusema maana yake ni kusimama mbele yao na kukiri kwamba Korongo hayupo na mimi si yeye.

Niliwakuta wanaume wakishona nyavu. Yule tunayemwita Redio ndiye aliyekuwa akiongea, kama kawaida.

"Samaki wameshasahau sura zetu," alikuwa anasema. "Kesho watadhani sisi ni wageni, watatukaribisha."

"Kesho hakuna nyavu," nikasema.

Redio akacheka. "Jamani, binti Korongo kaota tena."

"Nimekosea kamba. Nilitia mafundo kwa mkono wangu."

"Sasa ulitaka utumie mguu?"

Walicheka. Baba mdogo hakucheka. Nikalitandaza shati juu ya wavu, nikaweka kamba juu yake. Kicheko kikapungua mtu mmoja mmoja, kama taa zinavyozimwa.

"Mwanangu," baba mdogo akasema taratibu, "watoto wangu wamekula uji mtupu miezi mingapi?"

"Najua, baba."

"Na unaniambia ningoje."

"Nakuambia mbwa alikufa adhuhuri."

Alilichukua shati, akalivaa juu ya fulana yake. Mikono ikamfunika vidole, ikaning'inia. Redio hakuweza kujizuia. "Umevaa hema, mkubwa."

"Kaka yangu alikuwa hema," baba mdogo akajibu. Akaunyoosha mkono mmoja kando, mimi nikaushika mwisho wa mkono wa shati na kuongeza kiganja, kiganja kikubwa cha baba nilichokikumbuka. Redio mwenyewe ndiye aliyefungua mafundo yangu kwa meno na kufunga mapya.

Tulitoka alasiri hiyo hiyo, jua likiwa bado juu, baba mdogo na shati lake. Nikaizamisha sahani. Nyeupe, ya maziwa, kivuli. Fundo la kwanza lilipita vidoleni. La pili. La tatu. Nikaongeza kiganja kimoja, na sahani ikapotea.

"Bado ipo?" baba mdogo akauliza.

"Haipo," nikasema, na kwa mara ya kwanza sikuendelea kuiona.

Mitumbwi bado iko juu ya magogo. Napima kila Alhamisi asubuhi. Juzi ilikuwa fundo la tatu na viganja viwili.