Uzito wa Picha

Siku Twalha alipofariki, kompyuta ya studio ya picha pale Bunda iliganda kabla ya alasiri. Haikuwa imeganda hata mara moja tangu aiandikie programu ya kupanga na kusafisha picha. Walipotoka kumzika Musoma ikaganda tena, na kesho yake tena.

Danford, mwenye studio, alimwita Shamsia, mdogo wa marehemu aliyefundishwa naye kuandika programu. Akamwambia Jumatatu atakuja fundi kuifuta programu hiyo na kuweka nyingine.

"Haifutwi," Shamsia alisema.

"Dada Shamsia, najua una msiba. Ila wateja nao wana haraka zao."

"Nimekusikia, bosi. Haifutwi."

Danford akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Mmefanana. Yeye alikuwaga haendi kuswali mpaka aizime, akirudi anaiwasha. Utadhani mashine nayo inaswali."

Kumbe kuzimwa huko, kulikoisafisha kumbukumbu ya kompyuta kila swala, ndiko kulikoificha kasoro miaka yote.

Shamsia alifungua maandishi ya kaka yake akayasoma mstari kwa mstari, akijifuta macho. Ndani ya programu mlikuwa na sehemu waandishi wa programu waiitayo mzoa taka, kazi yake kuondoa kisichotumika tena ili kumbukumbu ya kompyuta isijae. Kwake, kila picha ilikuwa kikaratasi chenye jina tu. Picha yenyewe, nzito, ilikaa pembeni asikoweza kuona. Alipotazama vikaratasi aliona nyumba safi, akajikalia. Ilibidi aambiwe uzito.

Jumamosi Shamsia akaandika mstari wa kumwarifu uzito kila picha inapofunguliwa. Programu ikajikokota kuliko mwanzo, maana sasa mzoa taka hakupumzika.

"Hiyo umeitibu au umeiongezea homa?" Danford aliuliza.

Jumapili, peke yake studio, Shamsia aliona alipokosea: alikuwa amemwambia mzoa taka kwamba mzigo umeongezeka, hakumwambia hata mara moja kwamba umepungua. Akaandika mstari wa pili, wa picha inapoachiliwa, kwa uzito uleule.

Jumatatu fundi alikuja. Shamsia hakuinuka kitini. Alifungua picha za kidato cha nne kizima, mia mbili na kitu, akaendelea na kazi. Adhuhuri ilipoadhiniwa alikwenda kuswali chumba cha nyuma bila kuzima chochote. Aliporudi, Danford alikuwa ameinama karibu na kompyuta.

"Usiiguse," Shamsia alimwambia.

Alasiri ikapita, kompyuta haikuganda. Fundi akamaliza soda yake, akaaga.

Siku hizi programu ya Twalha huwashwa asubuhi studio ikifunguliwa, na huzimwa jioni ikifungwa.